Mkuria Mbele ya Ghanja: Nimeiona Fatah al-Khair ya Sur!

Ukifika Sur, usianzie mbele. Nakuomba! Pita ubavuni macho umeyainamisha, zunguka mpaka tezi, halafu ndipo uinue kichwa. Mbao za tezi zimechongwa kama mlango wa Lamu, na kazi yote hiyo ya patasi imewekwa mahali ambapo chombo kikiwa safarini hapaonwi na mtu, ila samaki na nahodha wa chombo kinachofuata nyuma. Nani hupamba kisogo? Watu wa Sur! Nilisimama pale nikicheka peke yangu, jua la Oman likinichoma utosi, na sikujali.

Hii ndiyo Fatah al-Khair. Ni ghanja, aina ya jahazi kubwa la mbao, ya tani 300 hivi, urefu wake unapita mita 20, nayo imeegemezwa nchi kavu kando ya hori la Sur, mashariki mwa Oman. Kutoka Muscat ni kama kilomita 200 za barabara kuu, mlima mtupu wa mawe mkono wa kuume na bahari mkono wa kushoto kwa sehemu kubwa ya njia. Pembeni yake kuna kituo cha kufundishia mambo ya bahari, na hatua chache mbele kuna kiunda ambamo mafundi bado wanapiga tezo. Chombo, darasa na karakana, vyote kwenye ufuo mmoja. Sijui nianzie wapi. Acha nianze tu.

Kwanza ujue anayesema ni nani. Sisi wa Kehancha hatusifiki kwa mambo ya vyombo. Ng'ombe, sawa. Mahindi, tumbaku, litungu la nyuzi nane, sawa. Ziwa lenyewe liko kule Nyatike kwa majirani, na wengi wetu tunalikumbuka tunapotaka samaki wa Muhuru au Sori. Maji makubwa ya nyumbani ni Mto Migori ukichafuka wakati wa masika. Kwa hiyo usitarajie hapa maneno ya mtu aliyezaliwa baharini. Haya ni maneno ya mtu wa bara aliyeona chombo cha mbao kikubwa kuliko kanisa la kijijini kwao akashindwa kujizuia.

Sasa sikia hadithi yake, maana hapa ndipo nilipoishiwa nguvu. Fatah al-Khair iliundwa papa hapa Sur mwaka 1951, ghanja ya mwisho kuundwa mjini humu. Ikafanya biashara yake. Kisha nyakati zikageuka: meli za chuma zikachukua mizigo, barabara zikafunguliwa, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 shughuli za nchi zikaelekea Muscat na Mutrah. Vyombo vya Sur vikaanza kuozea ufuoni au kuuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Fatah al-Khair ikauzwa nje, ikaishia Yemen. Kwa desturi, hadithi ya jahazi la mbao lililouzwa ugenini huishia hapo. Linachoka, linaingia maji, linapasuliwa, mbao zake zinageuka mlango wa banda la mbuzi.

Lakini Wasuri walikaa wakaulizana: hivi kweli mji ulioishi kwa majahazi miaka yote hii utabaki bila jahazi moja la kuwaonyesha watoto? Wakachangishana. Mwaka 1993 ghanja ikanunuliwa, ikarudishwa kwao, ikatengenezwa, ikapandishwa nchi kavu mahali ambapo kila anayepita ataiona.

Harambee! Hakuna jina jingine la kitu kile. Mimi nimekulia kwenye harambee. Nimetoa kwa ajili ya bati za darasa, karo za chuo, bili za hospitali, mazishi, gari la kwaya. Nimekaa kwenye viti vya plastiki nikisikiliza mheshimiwa akitangaza laki ambayo mhazini hakuiona kamwe. Katika harambee zote hizo sijawahi kusikia mtu akisimama na kusema: ndugu zangu, leo tunakikomboa chombo chetu kilichoko ugenini. Na hawa walifanya hivyo hivyo! Hapo ndipo ghanja hii inapovishinda vyombo vingi vinavyokaa kwenye majumba ya makumbusho yenye viyoyozi. Iko pale kwa kuwa mji ulitia mkono mfukoni.

Turudi kwenye umbo, kwa sababu umbo lenyewe ni kichaa.

Ghanja ni ndugu wa kotia ya Wahindi na wa bagala ya Ghuba. Tofauti zao wazee wa pwani huzijua kwa kutupa jicho moja kwenye kichwa cha gubeti, yaani ncha ya mbele ya chombo: ghanja ina kichwa kilichochongwa chenye majani matatu, na gubeti lake limepinda kwa madaha kuelekea juu. Nyuma, badala ya kuchongoka kama bumu, jahazi jingine la Ghuba, imekatwa bapa, na ule ubapa ndio unaompa mchongaji uwanja wake. Wataalamu wengi wanasema mtindo wa tezi bapa lenye nakshi una mkono wa merikebu za Wareno na Wazungu wengine waliovamia bahari hii kuanzia karne ya 16. Huenda. Mimi niliona tu kwamba mtu aliiga, kisha akamzidi aliyeigwa.

Milingoti ni miwili, na hapo hukaa foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Kwenye chombo cha aina hii foromali huweza kukaribia urefu wa chombo chenyewe, na mara nyingi si mti mmoja. Ni vipande viwili au zaidi vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Kila upepo ulipobadilika na nahodha akataka kugeuza tanga upande wa pili, mabaharia walilazimika kulizungusha dude zima kuupita mlingoti, kamba mikononi, wimbo mdomoni, chombo kikiyumba. Usiku pia. Mvua ikinyesha pia. Nilipokuwa nikiitazama milingoti ile kutoka chini nilijaribu kulifikiria zoezi hilo katikati ya bahari, na mikono ikaanza kunitoka jasho, nami nimesimama juu ya changarawe!

Mbao nyingi za vyombo vya Sur ni msaji, na msaji hauoti Oman. Uliletwa kutoka pwani ya Malabar, India, ukashushwa hapa, ukachongwa hapa. Mafundi hawakuchora ramani kwenye karatasi. Vipimo vilikuwa machoni na mikononi. Waliunganisha ubao kwa ubao mpaka gamba likakamilika, mataruma yakifuata baadaye kushika umbo, kinyume kabisa na Wazungu waliotanguliza mbavu kisha wakavika ngozi. Viungo vilizibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, na chini ya mstari wa maji wakapaka mchanganyiko wa chokaa na shahamu kuzuia wadudu watoboao mbao. Ukipitisha kiganja karibu na ubavu wa chombo unaona mikato ya tezo, midogo midogo, isiyolingana. Ile ni sahihi ya fundi. Nilitamani kumjua ni nani.

Na chombo hiki kilikuwa kikienda wapi? Kwetu! Hilo ndilo la kumfanya msomaji wa Afrika Mashariki aketi wima. Mwendo wa vyombo vya Sur ulifuata pepo mbili tunazozisoma shuleni na kuzisahau siku ya pili. Baada ya mavuno, vyombo vilipanda Basra kupakia tende. Kaskazi ilipoanza kuvuma, kuanzia Desemba hivi, vikageuza omo kusini: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar, mpaka Kilwa na delta ya Rufiji. Vilishusha tende, chumvi, papa mkavu, mazulia. Vikangoja. Kusi ilipoingia, kuanzia Aprili, vikarudi vimesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, karafuu, nazi na nafaka. Jangwa halina miti ya kuezekea, kwa hiyo nyumba nyingi za zamani za Ghuba zina vyumba vyembamba, upana wake ukiwa ule ule ambao boriti moja ya mkoko inaweza kuvuka. Unalala Basra au Kuwait, na juu ya kichwa chako kuna msitu wa Lamu. Mwandishi na baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na bumu la Wakuwait msimu wa 1938 na 1939, akapita Mombasa na Zanzibar, akaingia Rufiji kupakia boriti, na picha alizopiga bado ni za kutoa machozi kwa mpenzi yeyote wa majahazi.

Ndiyo maana Kiswahili hakikunitupa huku. Oman ina maelfu ya watu waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa au hata bara, wakaja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na hasa baada ya 1970, na watoto wao wanakiongea bado. Karibu na ghanja nilimkuta mzee wa kanzu na kofia ya Kiomani akiwa ameketi kivulini. Nikajaribu bahati yangu: “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Watoka Mombasa?” Nikamwambia natoka mbali zaidi, karibu na Sirari, mpakani na Tanzania. Akatikisa kichwa taratibu, akasema huko kuna ng'ombe. Kuna ng'ombe, babu! Tangu hapo akanigeuza mwanafunzi wake. Alininyooshea bakora kila sehemu na kuitaja, mkuku, fashini, kana ya usukani, dasturi, na mimi nikirudia kama mtoto wa chekechea. Nusu ya majina hayo niliwahi kuyaona kwenye kamusi nikadhani yamekufa.

Kituo chenyewe sitakieleza chumba kwa chumba. Kuna mifano ya vyombo, vifaa vya mabaharia, picha za zamani za hori lililojaa milingoti. Ila simama mbele ya vifaa vya kupimia njia, hata ukisukumwa na familia yenye watoto wanaotaka kupita. Kabla ya mitambo ya satelaiti, manahodha wa bahari hii walikuwa na kidude kiitwacho kamal: kibao kidogo cha pembe nne kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Unauma uzi kwa meno, unanyoosha kibao mbele mpaka ukingo wake wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota ya kaskazini. Fundo lililo mdomoni linakuambia uko usawa wa bandari ipi. Basi! Kibao, uzi na meno! Mwalimu wa hesabu wa shule yoyote ya upili kule Kuria Magharibi anaweza kukitengeneza kwa kipande cha plywood kabla ya kengele ya mapumziko, akafundishia pembe kwa njia ambayo darasa halitaisahau. Niliondoka pale nikiwa na hasira kidogo kwamba mimi sikufundishwa hivyo.

Kisha tembea mpaka kiunda. Usikose! Hapo msaji unanuka, mafundi, wengi wao Wahindi siku hizi, wanafanya kazi bila haraka, na kuna jahazi lililoishia mbavu likingoja mwenye fedha. Keke ya kamba ya kutobolea mbao ilikuwa imelala juu ya benchi kando ya drili ya umeme, na sikuona dalili kwamba moja inamwonea haya mwenzake. Maagizo mengi ya sasa ni ya matajiri wanaotaka chombo cha starehe, au ya watu wanaotaka mfano mdogo wa kuweka sebuleni. Sawa, mkono unaendelea kufanya kazi. Mkono ukilala kizazi kimoja, hauamki.

Kuhusu hilo la mkono kulala, kumbuka mtepe. Ulikuwa chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake la mkeka. Hakuna mtepe hata mmoja wa zamani uliobaki. Zanzibar walilazimika kuunda mfano upya ili wauweke ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, na Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Wasuri waliwahi. Sisi wa upande huu tulichelewa, na aliyechelewa huunda mfano.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipita nikijifanya sikuliona. Mimi ni mtu wa bara. Vyombo vya Sur havikubeba tende na boriti peke yake. Katika karne ya 19 vilibeba watu. Zanzibar ya wakati ule, msimu wa kaskazi ulipowaleta Waarabu wa kaskazini, Wasuri wakiwa miongoni mwao, wazazi waliwafungia watoto ndani kwa hofu ya kuibwa. Waingereza walipoanza kuvisimamisha vyombo na kuvipekua, manahodha kadhaa wa Sur wakajipatia bendera za Ufaransa ili wasiguswe. Mvutano huo kati ya Uingereza na Ufaransa ulifika mpaka Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, na hukumu ikatolewa Agosti 1905. Fatah al-Khair ya 1951 haina hatia ya hayo, iliundwa miaka mingi baadaye. Lakini ufundi ni ule ule, njia ni ile ile, na mgeni anayetoka tunakotoka ana haki ya kuutazama uzuri ule macho yote mawili yakiwa wazi. Nilimuuliza mzee wangu juu ya hilo. Hakukwepa. Alisema yalikuwepo, tena akayasema kwa sauti ya chini, kisha akanionyesha tena usukani.

Kasoro zipo? Zipo. Chombo kimekaa nchi kavu, na mbao zilizozoea maji zikikaa juani miaka nenda miaka rudi hukauka, zikasinyaa, viungo vikafunguka. Ghanja hii haitasafiri tena, na mpenzi wa majahazi atasikia uchungu kidogo kuona tanga halina pa kujazwa upepo. Usiniambie haiwezekani! Oman hii hii mwaka 2010 ilituma Jewel of Muscat, chombo kilichoshonwa kwa kamba kwa kufuata umbo la jahazi la karne ya 9, kutoka Muscat mpaka Singapore kwa tanga. Wangetaka, wangeweza. Kuwait nako wanalo bumu lao la 1938, lenye jina karibu lile lile, Fateh al-Khair, kwenye Kituo cha Sayansi kilichofunguliwa ufuoni Salmiya mwaka 2000. Lile lina jengo la fahari zaidi na vitu vingi vya kuchezea watoto. Bado nachagua Sur. Kuwait ni safari ya shule iliyopangwa vizuri, na Sur ni mji wenyewe ukikuonyesha kitu chake.

Na jua! Chukua onyo hili kwa uzito. Nenda kati ya Novemba na Machi, tena alasiri, mwanga unapolala ubavuni mwa chombo na kila mkato wa tezo unaonekana. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, na nakshi hazina raha mtu akizimia. Ukipata siku mbili, lala mjini. Asubuhi uvuke daraja la kuning'inia la Khor al-Batah mpaka Ayjah kwenye mnara wa taa, uitazame Sur nyeupe ng'ambo ya hori. Qalhat iko jirani upande wa kaskazini, magofu yake yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2018. Ibn Battuta, yule yule aliyeitembelea Kilwa, alitua upande wa Sur katika karne ya 14 akaamua kwenda Qalhat kwa miguu na mwenyeji asiyeaminika, akafika hoi, miguu imevimba. Panda teksi.

Sasa nyumbani. Ndugu wa Migori na Homa Bay, msidhani haya ni mambo ya Waarabu na bahari yao. Lile tanga la pembe tatu mnaloliona Muhuru, Sori na Mbita, lililoshonwa kwa vitambaa na magunia, lina ukoo na hili la Sur. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walilipandisha mpaka ziwani katika karne ya 19. Mmoja wao, Songoro, aliunda jahazi kule Ukerewe, wamisionari Waingereza wakalitaka, na ugomvi uliozuka na mfalme Lukonge ukaishia kwa vita iliyowaua wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, pamoja na Songoro mwenyewe, Desemba 1877. Watu walikufa kwa ajili ya jahazi ndani ya ziwa letu! Mitumbwi mikubwa ya Sese upande wa Uganda nayo ilikuwa ya kushonwa, ubao kwa ubao, kama mtepe. Yote hayo ni mtaala mzima wa historia, fizikia na useremala, na watoto wetu wanayapata wapi? Kila mwaka injini za nje na mashua za faiba zinaongezeka, na fundi wa tanga anazeeka.

Hatuanzii sifuri. Kisiwani Mfangano kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba, karibu na maji, na michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone iko milimani juu yake. Nyumba ipo tayari kumpokea mgeni wa mbao. Mwaka 2021 Flipflopi, dau la Lamu lililoundwa kwa taka za plastiki, lilizunguka Ziwa Viktoria, na watu wakaja kulitazama. Njaa ya kuona ipo. Ufuo wa Homa Bay una nafasi, wa Muhuru una nafasi, na mafundi wanaojua kupinda ubao kwa moto bado wako hai, ila si kwa muda mrefu.

Hukumu yangu juu ya Fatah al-Khair: nenda. Ukiwa unafanya kazi Muscat, Dubai au Doha, ukipata likizo ndogo, usiimalize madukani. Ni chombo bora zaidi cha mbao nilichowahi kukiona, na kituo chake kinamheshimu mtoto na mzee sawasawa.

Na ombi langu kwa waheshimiwa magavana wa kaunti zetu mbili, kwa machifu wa ufuoni, kwa vyama vya wavuvi, na kwenu ndugu wa Kehancha mnaojua kuchanga kuliko mtu yeyote ninayemfahamu: tafuteni chombo kimoja cha tanga cha ziwani, kizee, kilichoundwa na fundi wetu, mkinunue kabla hakijapasuliwa kuni. Undeni kamati yenye mhazini mwaminifu, mtangaze namba ya paybill. Wa kwanza kutuma nitakuwa mimi.